Ndengu za Mbeere Kwenye Chuma cha Chapati

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru ana njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ndiyo maarufu: ile ya juu ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikijipinda ubavuni mwa Mlima Kenya na kuvuka mito hadi mgeni akachoka kuihesabu. Huko macho hayaoni ila kijani: majani chai, kahawa, migomba, na mashamba madogo yaliyobanana kama abiria wa matatu. Ndiko liliko daraja la Nithi, ambalo wenyeji hulitaja kwa sauti ya chini, na zaidi tangu Julai 2022 basi lilipotumbukia bondeni na kuua watu zaidi ya 30.

Ya pili ni ya chini. Kutoka mjini Embu unashuka kuelekea Siakago na Ishiara katika nchi ya Wambeere, unavuka mto Thuci kuingia upande wa Tharaka, unapita Kathwana na Chiakariga, kisha Mitunguu, na hapo ndipo unapoanza kupanda tena kuelekea Meru. Barabara hii ina lami siku hizi, lakini watalii hawaijui, na hata watu wa Nairobi wenye asili ya Meru wengi hawajawahi kuipita. Mimi niliichagua makusudi. Nilikuwa na jambo moja la kuchunguza huko, nalo lilihusu kiamshakinywa.

Nchi hubadilika upesi ajabu. Hujaenda mbali na Embu kabla sweta uliyovaa asubuhi haijawa mzigo. Migomba inatoweka, udongo mwekundu unapauka na kuwa wa kichanga, na badala ya ng'ombe wa maziwa unaona mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia majani ya migunga. Mvua ya huku ni ya kubahatisha. Misimu ni miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, na mkulima wa huku huutegemea zaidi huu wa pili, ijapokuwa vitabu vya jiografia huuita msimu wa mvua fupi. Kwa hivyo mimea yake ni ile isiyotaka kubembelezwa: mtama, uwele, kunde, mbaazi na, zaidi ya yote, ndengu.

Kuna na muguka, bila shaka. Upande wa Mbeere vichaka vyake vimeingia hadi penye mlango wa jikoni, na Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuupiga marufuku, kilio kilichosikika huku hakikuwa kidogo. Lakini muguka una waandishi wake. Turudi kwa ndengu.

Majina sokoni

Tuelewane kwanza kuhusu majina, maana hapa ndipo watu hupotezana. Ninachokiita ndengu ni zile punje ndogo za kijani zilizo jamaa ya kunde. Mtu wa Mombasa huziita pojo, na Mtanzania huziita choroko. Ukimwambia Mtanzania akuletee dengu, atakuja na kitu kingine kabisa, zile punje kubwa ambazo unga wake hutumiwa kupikia bajia. Na ukimtajia mama wa Mbeere au Meru choroko, usishangae akikupimia kunde, kwa kuwa kunde kwao ni nthoroko. Msomaji wa pwani atakayesafiri huku aseme ndengu tu, asijisumbue.

Wenyeji wanajua aina mbili kuu. Moja ni N26, ambayo kila mtu huiita nailoni kwa jinsi inavyong'aa. Punje zake ni ndogo na hukomaa kwa siku 65 hivi, jambo ambalo mahali penye mvua ya kubahatisha lina thamani kuliko ukubwa. Ya pili ni KS20, iitwayo anko, yenye punje kubwa zisizong'aa, nayo huchelewa kidogo. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, imetoa nyingine mpya baada ya hizo, zikiwemo Karembo, Ndengu Tosha na Biashara. Hilo jina la mwisho lilinifanya nicheke peke yangu ndani ya gari, na baadaye sikucheka tena.

Sokoni Ishiara nilimkuta mama mmoja ameketi nyuma ya magunia mawili ya nailoni safi, zimepepetwa hadi hazina hata ganda. Ndengu hazivunwi kwa siku moja. Maganda hukauka na kugeuka meusi kwa awamu, na mtu hupita shambani mara mbili au tatu akiyachuma kwa mkono, kisha huyaanika, huyatia guniani na kuyapiga kwa fimbo. Ni kazi ya mgongo. Mama yule alinipimia gorogoro moja, akaongeza konzi juu kama ilivyo ada ya soko.

"Mama, kwako mnazipika vipi asubuhi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi.

"Asubuhi ni chai, baba. Chai na mkate. Kama kuna unga, mandazi."

"Na hizi ndengu?"

"Hizi ni karo ya shule."

Si kwamba hawazili kabisa. Jioni huchemshwa, zikaungwa kwa kitunguu na nyanya, zikaliwa kwa chapati au wali siku ya wageni. Lakini ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ndengu za Mbeere na Tharaka huondoka mwezi ule ule zilipovunwa, zikapandishwa lori na kwenda zao Nairobi. Kisha gari jingine huteremka njia ile ile likiwa limejaa mikate. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na sijapata kuona mahali methali hiyo ilipokaa vizuri kama pale sokoni.

Mtu wa mjini atauliza kwa nini mkulima asiziweke hadi bei ipande. Jibu lake ni dogo kuliko punje yenyewe: fukusi. Mdudu huyu hutaga mayai juu ya maganda yangali shambani, na mkulima huingiza adui ghalani pamoja na mavuno bila kujua. Buu hutoboa na kuingia ndani ya punje, likala, likakua, kisha likatoka likiwa mdudu kamili na kuacha tundu la duara kama lililochimbwa kwa sindano. Kwa miezi michache gunia zima huwa unga na vumbi. Wapo siku hizi wanaotumia magunia maalumu yasiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi pasipo dawa yoyote, na nilifurahi kuyaona madukani. Lakini gunia hilo ni gharama juu ya gharama, na shule hufunguliwa Januari hiyo hiyo ambayo ndengu zinaiva. Broka anajua kalenda ya shule kuliko walimu.

Aidha, anayetegemea meza ya mtu mwingine hulala na wasiwasi. India ndiyo nchi inayolima, kula na kuagiza mazao ya jamii ya kunde kuliko nyingine yoyote duniani. Agosti 2017 serikali yake iliwekea mipaka mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei zikaporomoka Msumbiji na Tanzania, wakulima wakabaki na magunia wasiyokuwa na mahali pa kuyapeleka.

Chapati ya maji ya ndengu

Na ni India hiyo hiyo iliyonipeleka Ishiara. Kusini mwa nchi hiyo, katika jimbo la Andhra Pradesh, watu huamka na kula kitu kiitwacho pesarattu. Kwa lugha yao ya Kitelugu, pesalu ni ndengu na attu ni aina ya chapati nyembamba. Yaani ni chapati ya maji, isipokuwa badala ya unga wa ngano ni ndengu zilizolowekwa na kusagwa zikiwa mbichi. Nilifunzwa kuipika miaka mingi iliyopita na jirani mmoja mtaani Ngara, Nairobi, ambaye wazee wake walitoka huko. Hilo si la kawaida, kwa maana Wahindi wengi wa Kenya asili yao ni Gujarat na Punjab. Msomaji aliyepata kuingia katika mikahawa ya Kihindi ya Parklands huenda anaijua dosa, ile chapati ndefu kama bomba la maji. Dosa ya kawaida hutengenezwa kwa mchele na sharti rojo lake lilale usiku kucha hadi lichachuke. Pesarattu haina masharti hayo. Ukisaga tu, unapika.

Jirani yangu alikuwa na desturi ya kuzichipuza ndengu kwanza. Nilimwona akizifunga katika kitambaa na kukitundika dirishani, nami nikadhani ni dawa.

Ajabu ni kwamba ndengu si ngeni kwa Wahindi kama zilivyo ngeni kwetu. Asili yake ni huko huko India, ndiko zilikofugwa na wakulima kwa mara ya kwanza maelfu ya miaka iliyopita, na mbaazi vivyo hivyo. Lakini usidhani kwamba sisi tulikuwa wa kupokea tu. Kunde zilitoka Afrika zikaenda kwao. Njahi, ambazo mama wa Embu au Meru hupikiwa akijifungua, nazo zilitoka Afrika, na huko Kusini mwa India leo wanazipenda ajabu. Kuna na mkwaju. Njia nzima ya Tharaka imepandwa mikwaju na Mungu mwenyewe, na wenyeji huuita mti huo muthithi. Jina lake la kisayansi ni Tamarindus indica, kutokana na Waarabu walioliita tunda lake tende ya India. Mti wenyewe ni wa Afrika! Basi Mbeere wanalima punje ya India wakidhani ni yao tangu jadi, na Mhindi anatia chatini yake tunda la Tharaka akidhani ni la kwao, na kila mmoja ana haki.

Nililala siku mbili Chiakariga kwa rafiki wa zamani, na huko ndiko nilikoomba nipewe jiko la nyumba ya watu. Mke wake alikubali kwa shingo upande. Mama yake mzee hakukubali wala hakukataa. Aliketi mlangoni kuangalia.

Kazi yenyewe ni hii. Jioni ya kwanza nilichambua kikombe kikubwa kimoja cha ndengu, yapata gramu 200, nikaziosha na kuziloweka katika vikombe vitatu vya maji. Zilizoelea nilizitupa, kwani hizo fukusi ameshakula nyama na kutuachia ganda. Asubuhi nilimwaga maji, nikazifunga katika kitambaa safi cha pamba na kuziweka ndani ya sufuria iliyofunikwa, mahali pasipo na jua. Mchana na jioni nilizisuuza kwa maji safi, nikazifunga tena. Kulipokucha zilikuwa zimetoa mikia mieupe yenye urefu kama wa punje yenyewe. Hapo zimetosha. Mtu asizingoje zirefuke kama zile za mikahawa ya Wachina, maana zitajaa maji, ladha itakuwa ya majani, na rojo halitashikana. Joto la Chiakariga lilinisaidia sana. Jijini Nairobi mwezi wa Julai, au Meru wakati wowote wa baridi, ongeza usiku mmoja zaidi.

Pamoja na ndengu nilikuwa nimeloweka konzi ya mchele kwa saa chache. Huu ndio unaoipa chapati ukakamavu pembeni. Pishori uliovunjika wa Mwea unafaa kabisa, na ni wa bei nafuu kuliko mzima. Hakuna sababu ya kusaga punje nzuri. Kisha tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi mbili, kijiko cha bizari nyembamba, chumvi, na nusu kikombe cha maji. Mwenye blenda hutia vyote humo na kwa dakika mbili kazi imekwisha. Sisi hatukuwa na umeme asubuhi ile, kwa hiyo tulitwanga kinuni, kisha tukamalizia kwenye jiwe la kusagia lililokuwa limeegemezwa nje ya ghala. Ilichukua karibu nusu saa, na sitadanganya, mikono iliniuma. Rojo linatakiwa liwe zito kama uji wa mgonjwa, si jepesi kama maji ya mchele.

Upikaji ndio wenye siri. Chuma cha chapati kikiwa cha moto kupita kiasi, rojo hung'ang'ania pale lilipoangukia na halitandiki. Kikiwa baridi, hunata. Dawa yake ni kukipasha vizuri, kisha kukinyunyizia maji kidogo, kukifuta, na kukipaka mafuta kwa kitunguu kilichokatwa nusu. Mimina upawa mmoja katikati, geuza upawa huo, na kwa mgongo wake zungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Nyunyiza kitunguu kilichokatwakatwa na dania. Baada ya dakika mbili hivi pembe zitajinyanyua zenyewe. Geuza, hesabu hadi 30, pakua. Ya kwanza iliharibika, kama ilivyo kawaida ya chapati zote za kwanza tangu dunia iumbwe, na kuku wakaifurahia.

Kwa chatini nilitumia ukwaju wa pale pale bomani, tangawizi nyingi, pilipili, chumvi na kipande cha sukari guru, vyote vikasagwa pamoja.

Watoto wanne wa nyumba ile walikula kwanza kwa kushuku, kisha kwa mashindano. Bibi mzee alikula ya kwake polepole, akaigeuza, akaitazama nyuma.

"Hii ni bajia iliyolala," akasema.

Ni kweli, na alikuwa amesema jambo la maana kuliko alivyojua. Watu wa Mombasa na Unguja wamekuwa wakiloweka kunde, kuzimenya, kuzisaga na kuzitupa katika mafuta tangu zamani, na hakuna aliyewaita Wahindi kwa hilo. Tofauti ya pesarattu ni kwamba inahitaji kijiko cha mafuta mahali bajia inapohitaji karai zima. Kwa bei ya mafuta ya siku hizi, huo si utani.

Hesabu ya protini

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu nimesikia mengi yakisemwa kuhusu punje zilizochipua, mengine hata redioni. Wapo wanaodai kwamba kuchipua huongeza protini maradufu. Si kweli. Punje haiwezi kuumba protini kutokana na maji ya bomba. Gramu 100 za ndengu kavu zina kama gramu 24 za protini; zikichipua na kujaa maji, gramu 100 za chipukizi zenyewe zinaweza kuwa na gramu 3 tu, kwa vile sehemu kubwa ni maji. Kinachobadilika ni kingine. Vitamini C, ambayo katika punje kavu ni haba, huongezeka, ijapokuwa moto huipunguza tena. Zile kemikali zinazofunga madini ya chuma yasifyonzwe mwilini hupungua. Na sukari zile zinazojaza tumbo gesi hupungua pia, jambo ambalo kwa wanafunzi walalao kumi chumba kimoja ni huduma kwa jamii.

Kwa hivyo pima kwa punje kavu. Kikombe changu cha gramu 200 kilikuwa na takriban gramu 48 za protini, na mchele ukaongeza kidogo. Kilitoa chapati nane. Watu wanne wakigawana mbili mbili, kila mmoja amepata gramu 12 hivi, sawasawa na mayai mawili. Vipande viwili vya mkate mweupe vingempa kama gramu 5. Isitoshe, ndengu na mchele hukamilishana: kila mmoja una upungufu ambao mwenzake anauziba, ndiyo maana pojo na wali, au githeri ya mahindi na maharagwe, vimewalea watu wasiokuwa na nyama miaka na miaka.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu au cha Chuka anayekaa chumba cha kukodi chenye meko moja atanijibu kwamba hana muda. Muda wenyewe ni dakika 15 za asubuhi. Kazi nyingine yote hufanywa na ndengu zenyewe yeye akiwa darasani au amelala. Rojo hukaa siku moja katika friji, na asiye na friji asage kiasi cha asubuhi hiyo tu, chipukizi zilizosalia azisuuze na kuzifunga tena. Asiye na blenda basi, badala ya kusaga, azichemshe chipukizi dakika kumi na kuzikaanga na kitunguu. Haitakuwa pesarattu, lakini itakuwa chakula.

Yapo matatu ya kuangalia, na hapa sitanii. La kwanza, usile chipukizi mbichi ukidhani ndiyo afya zaidi. Unyevu na joto vinavyoamsha punje huamsha na vijidudu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kutokana na bakteria waliokuwa katika chipukizi za uwatu zilizoliwa bila kupikwa. Kwenye chuma cha moto hatari hiyo huondoka, mradi chapati iive pande zote. La pili, usiotesha punje za kupanda zilizotoka katika duka la dawa za kilimo. Zile zenye rangi nyekundu au buluu zimepakwa sumu ya wadudu. Nunua za kula. La tatu, usijaribu mapishi haya kwa maharagwe. Maharagwe mekundu yana sumu asilia ambayo haiondolewi kwa kulowekwa wala kwa moto mdogo wa chapati. Sharti yachemke hasa. Njahi nazo ni za kuchemshwa. Kunde zinakubali, na watu wa bajia ni mashahidi.

Kutoka Chiakariga gari hupanda taratibu. Huko Mitunguu migomba inaanza tena, safari hii ikinyweshwa kwa mifereji, na ukifika Meru, ulipo karibu na mstari wa ikweta lakini juu ya mwinuko, unaitafuta ile sweta uliyoitupa begini siku tatu zilizopita. Katika soko la Gakoromone ndengu zimekaa katikati ya viazi, njugu, ndizi na kabichi. Utaona magunia ya nailoni na ya anko, na wauzaji ambao hawapendi kuchokorewa bidhaa. Hata hivyo, chokora. Tazama matundu ya fukusi. Ukinunua kati ya Februari na Machi, una bahati ya kupata za mavuno mapya, na hizo ndizo zinazochipua kwa pamoja. Zilizolala ghalani mwaka mzima huchipua moja moja kama watoto wavivu wanaoitwa kuoga.

Nilinunua nusu kilo kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba ni za Tharaka, za msimu huu. Usiku ule katika nyumba ya wageni nilihesabu punje kumi nikaziloweka ndani ya gilasi ya kupigia mswaki. Kwa baridi ya Meru zilichukua siku mbili kamili na nusu, hata nikazisafirisha Nairobi zikiwa zimefungwa ndani ya leso mfukoni. Tisa zilichipua. Ya kumi ilikuwa kijiwe.